Maonyesho makubwa ya hi-fi: venye mtu wa Nairobi anafaa kujipanga kabla hajapanda ndege

Kuna watu wengi Nairobi wanapenda sauti nzuri kuliko venye unaeza dhani. Siongelei wale wa kutingisha madirisha ya jirani, naongelea yule mtu ako na amplifaya ya zamani ya Sansui ama Pioneer aliyoachiwa na babake, akaipeleka kwa fundi ikabadilishwa kapasita, na Jumapili jioni anakaa chini anasikiza upande mzima wa rekodi bila kugusa simu. Kama ni wewe basi siku moja utataka kwenda kwa yale maonyesho makubwa ya hi-fi, yaani mitambo ya kusikiza muziki kwa sauti safi, huko nje, pahali jozi moja ya spika inaeza kufika euro laki mbili na bado mwenyewe anakukaribisha ukae mbele yake usikize. Nenda. Lakini ukienda bila mpango utarudi na mfuko wa brosha, picha mia kwa simu, na hujui umesikia nini.

Kitu kimoja nataka ushike kabla ya vingine vyote: nenda na nyimbo zako. Vyombo utaviona tu, hata picha zake ziko kila mahali. Kile huwezi kupata kwa picha ni kusikia wimbo uliokulia nao ukipigwa na mitambo tofauti siku hiyo hiyo, hapo ndio unajua sikio lako linapenda nini, na hiyo unarudi nayo mpaka kwa sebule yako ya Donholm hata kama hukununua kitu.

Unaenda gani sasa

Yale yanayojulikana zaidi duniani ni High End ya Ujerumani. Yalianza 1982 kule Düsseldorf, baadaye yakakaa miaka mingi kwa hoteli karibu na Frankfurt, 2004 yakahamia Munich kwenye majumba ya MOC na hapo ndio yalikua mpaka yakawa yanavuta watu zaidi ya 20,000 kwa siku nne. Ya Munich yaliisha 2025, kuanzia 2026 ni Vienna, Austria, kwa jumba la Austria Center, unashuka stesheni ya Kaisermühlen kwa treni ya U1, pembeni kabisa mwa ofisi za Umoja wa Mataifa. Marekani kuna AXPONA, inafanyika Aprili kwa hoteli moja Schaumburg nje kidogo ya Chicago. Uingereza wako na Bristol kila Februari. Poland wako na ya Warsaw kuelekea mwisho wa Oktoba, hiyo sehemu yake inafanyika ndani ya uwanja wa mpira wa taifa, vile vyumba vya wageni wa heshima vinageuzwa vyumba vya kusikizia.

Mimi kama ni mara ya kwanza ningekwambia Vienna ama Warsaw, juu viza ni moja ya Schengen, na stima yao ni ya volti 230 na hezi 50, karibu sawa na yetu, kwa hivo kile utakipenda huko kitafanya kazi huku (hii ya stima nitarudi kwayo, ni muhimu kuliko watu wanavyofikiria). Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima, unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na isiwe chini ya siku 15, na lazima uwe na bima ya safari ya angalau euro 30,000. Nunua tiketi ya maonyesho mapema uichapishe uiweke kwa hizo karatasi za viza, inaonyesha una sababu ya kwenda. Alafu soma ratiba vizuri kabla hujalipia hoteli, siku ya kwanza kwa haya makubwa mara nyingi ni ya watu wa biashara peke yao, raia wa kawaida wanaingia baadaye, na itakuuma sana ukijipata mlangoni siku ambayo si yako.

Tayarisha nyimbo

Hapa ndio kazi iko kwa hivo nitakaa hapa kidogo. Kila chumba utakachoingia huko kitakuwa kinapiga muziki wao, mara nyingi ni mwanadada na piano, ama jazi taratibu, ama ngoma moja kubwa inagonga polepole, nyimbo zimechaguliwa juu zinafanya mtambo wowote usikike vizuri. Zote utazipenda na hazitakufunza chochote. Wewe chagua tano ama sita ambazo unazijua hadi pumzi ya mwimbaji, na kila moja iwe na kazi yake.

Moja iwe ya nyatiti. Sababu ni hii: mpigaji ameketi chini na ala yake ya nyuzi nane, kwa kidole kikubwa cha mguu amevaa pete ya chuma inaitwa oduong'o, na hiyo pete anaigonga kwa ukingo wa ala huku vidole vya mkono vinacheza nyuzi, na mguuni amefunga njuga, zile gara. Kwa hivo kwa pigo moja la mguu kuna sauti mbili zinatoka pamoja, mgongano mkavu wa chuma kwa mti na kale kamlio ka njuga kanatawanyika nyuma yake, na juu ya hizo kuna nyuzi zenye mnguruno kidogo. Spika mbovu inazichanganya zote zinakuwa kitu kama "chwa, chwa, chwa". Spika nzuri unasikia kabisa chuma kimegonga mti kwanza, alafu njuga, alafu zinanyamaza kabla pigo lingine halijafika, na sauti ya mwimbaji haijaguswa na hayo yote. Hakuna brosha itakuonyesha hiyo tofauti haraka kuliko sekunde kumi za nyatiti.

Ya pili iwe rumba, ile ya gitaa tatu, ridhim, mi-solo na solo. Sebene, ile sehemu gitaa zinachukua wimbo, ikianza jaribu kufuata mi-solo peke yake kwa dakika nzima. Hilo ndilo gitaa gumu kushika juu liko katikati ya wenzake wawili. Ukiweza kulifuata bila kukunja uso, huo mtambo unatenganisha vitu vizuri. Ukilipoteza kila mara solo ikipanda, jua kuna kitu kimejificha.

Besi itakuja na benga, juu besi ya benga inaruka ruka, haikai. Kila noti inafaa ianze na iishe, uweze kuipiga kwa mdomo. Ikiwa ni mvumo tu chini ya wimbo, hiyo si besi nyingi, ni besi chafu. Kwa sauti za watu beba kwaya, na kama unaimba kwaya wewe mwenyewe ndio bora zaidi, juu unajua kabisa watu thelathini wakisimama pamoja wanasikikaje, alto wako wapi na besi wako wapi. Taarab ya kizamani ni nzuri pia, kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na fidla zina ile makali ya juu ambayo twita mbaya (ile spika ndogo ya sauti za juu) inaifanya iume masikio.

Sasa hizi nyimbo zetu nyingi ni ndefu, rumba ya dakika kumi na sebene inaanza ya tano. Usimpelekee mtu wa maonyesho wimbo wa dakika kumi. Kata vipande vya dakika mbili mbili kwa kompyuta ukiwa nyumbani, kile kipande chenyewe unataka, uviweke kwa flashi kama faili za FLAC ama WAV, zile hazipunguzi ubora. Usibebe MP3 uliyopakua 2009. Ubora wa CD, yaani bit 16 na kHz 44.1, unatosha kabisa, usihangaike kutafuta zaidi ya hapo. Weka flashi mbili na pia choma CD moja, juu kuna vyumba havina pahali pa kuchomeka flashi. Usitegemee kustrimu, nyimbo zetu nyingi za zamani ziko huko kwa rekodi mbaya ama haziko kabisa.

Ukitaka kubeba sahani ya santuri pia ni sawa, na kama huna pitia pale Kenyatta Market kwa Real Vinyl Guru utafute rekodi ya benga ama rumba iliyo safi. Lakini ioshe na uikague. Hakuna mtu atakubali kuweka sahani yenye vumbi la stoo chini ya katriji, kile kichwa chenye sindano, ya maelfu ya euro, na ako na haki.

Baada ya hapo zisikize hizo nyimbo nyumbani kila siku kwa wiki kadhaa, kiti kile kile, na uandike kwa daftari unasikia nini. Enda pia usikize muziki usiopitia spika yoyote. Nairobi Orchestra wakifanya tamasha nenda ukae karibu na mbele, ama keti kwa kanisa dogo ambalo kwaya haitumii maiki. Mtu ambaye hajasikia fidla ya kweli hawezi kujua kama spika inamdanganya, na sisi wengi masikio yetu yamefunzwa na matatu na maspika ya hafla, tunadhani besi ya kifuani ndio kawaida.

Siku yenyewe

Fika asubuhi milango ikifunguliwa. Watu ni wachache na masikio yako bado mapya. Raundi ya kwanza usikae mahali popote, tembea tu korido zote na usikize ukiwa nje ya milango. Hii ni siri ya watu wa kazi hii na inafanya kazi: ukiwa kwa korido huwezi kudanganywa na taa za bluu za amplifaya wala urefu wa spika, unasikia tu, na kuna chumba kimoja ama viwili utapita useme aai, kuna watu wanapiga gitaa ndani. Andika namba ya hicho chumba. Ukimaliza raundi uko na orodha ya vyumba labda kumi, na hivo ndio utavishughulikia, vingine achana navyo, huwezi kumaliza vyote na ukijaribu utachoka saa nane mchana.

Ukiingia, ngoja wimbo uishe ndio utafute kiti. Kiti cha katikati ndicho cha haki, hapo sauti za spika mbili zinakufikia kwa wakati mmoja na mwimbaji anasimama katikati. Mara nyingi kimekaliwa, sasa subiri, mtu atainuka. Ukiwa pembeni usihukumu mambo ya nani amesimama wapi, sikiza tu rangi ya sauti ya mwimbaji. Na ukiwa umeegemea ukuta wa nyuma usihukumu besi kabisa, kwa ukuta besi hujaa hata kama mtambo ni mzuri.

Pia kumbuka vile vyumba vingi ni vyumba vya hoteli, kitanda kimetolewa usiku wa jana na mtambo ukapangwa haraka haraka. Kuna spika nzuri sana nimezisikia zikiwa vibaya juu ya chumba tu. Kwa hivo sauti mbaya kwa maonyesho haimaanishi kitu ni kibaya, lakini sauti nzuri kwa chumba kibaya hiyo inakwambia kitu cha maana, huyo aliyekipanga anajua kazi na chombo chake kinavumilia.

Kuomba wimbo wako upigwe: salimia kwanza. Kweli, hii inasaidia. Ngoja demo iishe, jitambulishe, sema umetoka Nairobi na umebeba kipande cha dakika mbili cha muziki wa kwenu, ungependa kukisikia kwa mtambo wake. Usiingilie mtu akiwa katikati ya mazungumzo na mteja wala usiguse chombo bila ruhusa, hata remoti. Mara nyingi watakubali kwa furaha, juu nao wamechoka na zile nyimbo zao za tangu asubuhi. Kuna chumba kimoja kilikuwa na amplifaya ya valvu (zile taa za glasi za zamani) na maspika ya pembe, yenye mdomo kama tarumbeta, jamaa akaweka flashi yangu, nyatiti ikaanza, na ndani ya nusu dakika watu waliokuwa wanapita kwa korido wakaanza kuingia wakisimama nyuma ya viti. Mzee mmoja akaniuliza hicho chuma kinagonga nini, nikamwonyesha kidole cha mguu wangu, akacheka, akaomba kirudiwe. Tulikisikiza tena na safari hii kila mtu alikuwa anasikiza pete. Kama unapenda muziki wa kwetu, hiyo pekee ni sababu tosha ya kubeba flashi.

Sasa suala la ukubwa wa sauti, na hapa nakuomba uwe mkali. Mtambo ukiwa juu kidogo tu kuliko ule mwingine, hata kwa desibeli moja, sikio linauona ni bora. Wauzaji wanajua hiyo. Weka programu ya kupima desibeli kwa simu, usijali kama si sahihi kabisa, inakusaidia kulinganisha chumba na chumba, na ukiona huku wanapiga 78 na kule 90 basi hujalinganisha kitu. Omba ipunguzwe. Pia linda masikio yenyewe: desibeli 85 wataalamu wanasema mwisho ni masaa 8, na kila ukiongeza 3 muda unagawanywa mara mbili, kwa hivo 94 ni saa moja peke yake na 100 ni robo saa. Ukiwa na vizibo vya masikio mfukoni unaweza kupita zile kumbi za kelele bila kuharibu siku. Kila baada ya vyumba vitatu toka nje kabisa, kunywa maji, kaa kimya dakika kumi na tano. Sikio lililochoka linapenda chochote chenye makali mengi, na saa kumi jioni unaeza kuamua vibaya kabisa.

Maswali ya kuuliza

Bei ni swali la mwisho. Uliza kwanza spika inatoa desibeli ngapi kwa wati moja ukiwa mita moja. Hii namba ndio inakwambia utahitaji amplifaya gani. Spika ya 87 na spika ya 97 tofauti yao ni desibeli kumi, na desibeli kumi ni nguvu mara kumi, kwa hivo kile amplifaya ya wati 8 inafanya kwa ile ya 97, utahitaji wati 80 kukifanya kwa ile ya 87. Ndio maana utaona amplifaya ya valvu ya 300B yenye wati kama nane hivi inajaza ukumbi, imeunganishwa na pembe kubwa. Mtu asiyejua hiyo anarudi nyumbani ananunua amplifaya ya valvu, anaiunganisha na vispika vidogo vinavyotaka nguvu nyingi, alafu analia haina nguvu.

Uliza ni omu (ohm, yaani ukinzani wa spika) 8 ama 4, na ikiwa inashuka chini ya 4 pahali fulani amplifaya yako ya nyumbani itateseka. Uliza spika inataka umbali gani na ukuta. Uliza imetengenezewa chumba cha ukubwa gani, na hapa sema ukweli kuhusu chumba chako, usione haya. Na uliza ile ya bei ya chini kabisa kwa familia hiyo inasikika wapi, mara nyingi iko kwa chumba kidogo mwisho wa korido na hakuna foleni.

Hivyo vyumba vya bei nafuu ndio muhimu zaidi kwetu. Watu hukimbilia mitambo ya bei ya nyumba, na kuisikia mara moja ni vizuri ujue kilele kiko wapi, lakini tumia muda wako mwingi kwa Rega, Pro-Ject ambao ni Waaustria wenyewe, spika ndogo za KEF na wenzao. Huko utaona mtu amechukua vitu vya bei inayofikirika, akavipanga vizuri, na rumba inacheza vizuri kuliko chumba cha jirani chenye vyombo mara ishirini ya bei. Angalia amefanya nini: spika ziko mbali kiasi gani na ukuta, zimeelekezwa wapi, kuna zulia wapi. Piga picha ya hiyo, si ya nembo.

Sehemu ya hedifoni usiipite. Mtu anaishi kwa singo ya futi 10 kwa 10 na ukuta mmoja na jirani, hedifoni nzuri na kiamplifaya kidogo kitampa muziki ambao spika kwa hicho chumba haziwezi. Kebo za bei ya gari nazo utaziona, mimi pesa yangu naiweka kwa spika na kwa chumba kwanza, kebo iwe nene ya kutosha na imefungwa vizuri, basi.

Ukitaka kununua

Usinunue siku ya kwanza. Lala, rudi kesho, sikiza nyimbo zako tena kwa kile ulichokipenda. Ikibaki kuwa nzuri asubuhi, sawa.

Kama uko Ulaya stima si shida, plagi tu ndio unabadilisha. Kama uko Chicago kuwa macho. Marekani ni volti 120 na hezi 60, sisi ni 240 na hezi 50. Volti unaweza kushusha kwa transfoma, hezi transfoma haibadilishi. Na kuna rekodi pleya za mota inayofuata hezi za stima, ukiileta huku sahani ya 33⅓ itazunguka karibu mara 27.8 kwa dakika, muziki wote unashuka na kuvutika. Uliza kama mota ni ya DC ama kuna puli ya hezi 50. Swali hilo moja linaweza kukuokolea laki kadhaa. Na kwa sababu stima yetu inapanda na kushuka, bajeti ya stabilaiza iingie kwa hesabu tangu mwanzo, na mwite fundi wa stima aangalie athi (earth) ya soketi kama imeunganishwa kweli, nyumba nyingi ile shimo la juu ni pambo tu.

Forodha weka risiti zote karibu. Kuna ushuru, VAT ya 16% na ada ndogo ndogo juu yake, piga hesabu ukiwa bado huko, si ukiwa JKIA na sanduku mkononi. Rekodi pleya ikisafiri toa katriji, toa ile duara nzito inayobeba rekodi, funga mkono wa sindano usicheze, weka katriji kwa mkoba wa mkononi.

Chumba chako

Piga kofi moja katikati ya sebule. Nyumba zetu ni mawe, slabu na taili, kwa hivo utasikia kama kofi linajibiwa na kuta, "trrr". Hiyo ndio inakula nyatiti yako, hata ukinunua spika gani. Zulia zito kati yako na spika, mapazia mazito, kabati la vitabu lililojaa nyuma yako, hivyo vinafanya kazi kubwa kuliko kuongeza bei ya amplifaya. Godoro la wageni likisimamishwa kwa kona linasaidia pia ukiwa unasikiza.

Besi nayo inafuata vipimo. Kuta mbili zikiwa futi 10, karibu mita 3, kuna noti moja ya hezi 56 hivi inavimba kati yao, na ukikumbuka kwamba uzi wa A wa gitaa la besi ni hezi 55 utaelewa kwa nini kwa singo noti moja inanguruma na zingine zinapotea. Chumba kikiwa mraba ni mbaya zaidi juu urefu na upana vyote vinavimbisha noti hiyo hiyo. Huwezi kuhamisha ukuta, hamisha kiti. Usikae katikati kabisa wala usiegemee ukuta, sogea nusu hatua nusu hatua ukiwa umeweka ile benga mpaka noti zote zitoshane.

Spika zitoe ukutani angalau nusu mita kama nafasi iko, wewe na spika mbili muwe pembe tatu zilizo sawa, twita ziwe usawa wa masikio ukiwa umeketi. Stendi usinunue ng'ambo, mafundi wa Kamukunji watakuchomea za bomba la mraba kwa urefu unaotaka, jaza mchanga mkavu ndani ili zisilie.

Kama safari haiwezekani mwaka huu

Fanyeni yenu. Watu wanne watano wenye mitambo, nyumba ya mwenye sebule kubwa, Jumamosi mchana. Kila mtu alete kitu kimoja, huyu spika, yule amplifaya, yule rekodi pleya, na kila mtu nyimbo mbili. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, mkibadilisha viwili hamtajua ni gani imefanya kazi. Kabla ya kila kulinganisha pigeni ile kelele ya "shhh" ya majaribio, simu iwe kwa kiti cha katikati, na volyumu zirekebishwe mpaka zisomane ndani ya nusu desibeli. Mtu mmoja asimame nyuma ya shuka akibadilisha bila kusema ni gani inacheza, wengine waandike kwa karatasi kabla ya kuongea, juu mwenye sauti kubwa akisema anapenda ya kwanza wote watafuata. Kiti cha katikati kizunguke, kila mtu wimbo mmoja.

Na jirani wa chini mpigieni hodi mapema siku iliyotangulia, mwambieni mnaanza saa ngapi na mnamaliza saa ngapi, mumkaribishe kama anapenda rumba.